SEREMALA NA GUNI LAKE

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Lakini katika karakana ya seremala kiko chombo kimoja kisichofaa kununuliwa bila ya kuchaguliwa, nacho ni guni, ambalo mafundi wengi huliita skwea.

Guni likipotoka sehemu moja ya kumi na sita ya inchi katika urefu wa inchi 6, ni vigumu kwa jicho kutambua. Lakini mstari huo ukiendelezwa katika mlango wenye urefu wa inchi 78, kosa huzidi mara 13, nalo hupita robo tatu za inchi. Mlango hukwama, mwenye nyumba hukataa kulipa, na ubao uliokwisha kukatwa haurudi. Fundi huzilaumu mbao, kumbe mkosaji ni chombo chake.

Kuchagua

Mnunuzi na atazame kwanza maungo. Bamba la chuma lisichezecheze ndani ya mpini, wala misumari yake isiwe imelegea. Mpini wa mti uwe na kipande cha shaba upande unaoegemea ubao, kwa kuwa mti mtupu hulika upesi. Guni la chuma kitupu halivimbi wakati wa mvua. Hata hivyo bei kubwa si dhamana; kila guni hupimwa.

Kupima

Hutakiwa ubao mpana wenye ukingo ulionyoka. Kuuhakikisha ukingo huo, fundi huulaza ubao juu ya mwingine, akachora mstari kuufuata, kisha akaupindua na kuuchora tena kwa ukingo ule ule. Mistari ikilingana, umenyoka. Ukiwa umepinda, jaribio lote ni la uongo.

Kisha huegemeza mpini wa guni kwenye ukingo huo, na kwa ncha ya kisu huchora mstari kufuata bamba. Hapo huligeuza guni, mpini ukaelekea upande wa pili, akachora tena kuanzia mahali pale pale. Mistari ikilaliana ikawa mmoja, guni ni sawa. Ikiachana, limepotoka, na kosa lake ni nusu ya nafasi iliyopo. Nafasi ikiwa sehemu moja ya nane ya inchi, kosa ni sehemu moja ya kumi na sita.

Kutunza

Kosa dogo huweza kuondolewa kwa tupa, kidogo kidogo, na kupima kila mara. Guni lililolegea maungo halifai tena kwa kazi ya viungo. Lililo zima litundikwe peke yake, lisitupwe sandukuni pamoja na nyundo. Na likianguka, lipimwe kabla ya kutumiwa.

Kazi hiyo haizidi dakika chache. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na seremala asiyepima guni lake hutengeneza mlango mmoja mara mbili.