Plagi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Bodaboda wa Karagwe na Kyerwa

Isome plagi ya zamani kabla hujanunua mpya. Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote vijiweni, Kayanga hadi Nkwenda: pikipiki ikigoma, plagi inatupwa, mpya inafungwa, na wiki mbili baadaye shida ni ile ile. Ncha ikiwa ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli inaizidi hewa, na kwetu chanzo mara nyingi ni vumbi jekundu lililoziba eya klina. Ukiiacha lami ya Kyaka–Bugene ukashika njia za vijijini na mikungu ya ndizi nyuma, eya klina inameza vumbi kutwa nzima. Ishughulikie hiyo kwanza. Tena vilima vyetu viko juu, sehemu nyingi zinapita mita 1,500, na hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam huku inamimina petroli kupita kiasi. Plagi ikilowa oili, mara nyingi ringi za pistoni zimechoka. Ikiwa nyeupe na imebabuka, usiendelee na safari: joto hilo linatoboa pistoni.

Usinunue kwa kukisia. Nenda dukani na namba. Injini za aina ya CG125 hutumia D8EA ya NGK: D ni uzi wa milimita 12, 8 ni kiwango cha joto, E ni uzi wenye urefu wa milimita 19. Plagi fupi hujaa masizi. Ndefu inaweza kugongwa na pistoni. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Muuzaji anayekwambia zote ni sawa, mwache na mali yake.

Usichukue plagi yenye maandishi yaliyofifia au washa inayochomoka yenyewe.

Usifungue plagi injini ikiwa ya moto. Puliza vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuilegeza, maana mchanga ukiingia ndani unakwaruza silinda.

Pima mwanya wa ncha kwa fila geji, si kwa wembe. Pikipiki nyingi zinataka kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini kitabu cha chombo chako ndicho chenye neno la mwisho. Plagi ya iridium usiiguse kwa msasa.

Anza kuifunga kwa vidole mpaka ikae. Kisha spana, nusu mzunguko kwa plagi mpya, basi. Usikanyage spana kwa mguu! Hedi ni ya alumini. Uzi wake ukikatika, gharama ya kuuchonga upya inapita bei ya plagi kadhaa.

Usijaribu cheche karibu na zile chupa za petroli za kando ya barabara, wala usishike plagi kwa mkono mtupu. Umeme wake unapita volti 10,000.

Wenye magari ya Noah na Probox, badilisheni plagi zote nne kwa pamoja, mkifungua moja baada ya nyingine.

Na wewe unayeitwa usiku Kaisho au Murongo kumpeleka mama mjamzito hospitali, usiondoke nyumbani bila plagi ya akiba yenye namba sahihi, na spana yake, chini ya kiti.