Dondoo muhimu: Moto kwanza, viungo baadaye
Kinachoipa ladha pad krapow, nyama ya kusaga ya Thailand, ni moto mkali kuliko wingi wa viungo. Nyama ikirundikwa hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Basi pika gramu 250 kwa mkupuo, katika kikaango kipana. Tangulia na kitunguu saumu na pilipili zilizotwangwa, ndipo nyama, halafu sosi ya samaki na sukari kidogo. Mrehani utie ukishazima moto, kwani harufu yake hupotea upesi. Huenda ukasema sosi ya samaki haipatikani: ya soya itafaa, ingawa ladha haitakolea vilevile. Ila moto hafifu haufidiwi na kiungo chochote. Pakua kwa wali na yai la kukaanga.