Kabla hujapokea kata Desemba hii

Haya wadogo zangu, tukae. Desemba imeingia, mabasi ya Moshi yamejaa, na maswali yenu ni yale yale ya kila mwaka: nivae nini kwa wakwe, nimbebee nini bibi, na nifanyeje na pombe. La nguo na la zawadi tutaliongea siku nyingine. Leo nataka la pombe, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu mjini na majuto, na wapo ambao halikuwarudisha kabisa.

Niseme msimamo wangu mapema. Mimi naipenda mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na simtumi mtu yeyote nyumbani akanune kwenye kona ya uwanja wakati ukoo mzima unafurahi. Najua wengi wenu siku hizi, mkiwa Dar, Nairobi au Kampala, mnalipia bei nzuri bia za viwanda vidogo, mnajadili kimea chake na uchungu wake. Ni jambo jema kujua unachokunywa. Lakini mama anayepika mbege kule Rombo, Kibosho au Marangu anaifanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ndizi za kihamba chake, shamba lake la nyumbani. Ulezi anauotesha mwenyewe mpaka uwe kimea, na uchungu anaupata kwenye gome la msesewe. Hana lebo ya kubandika kwenye chupa, ila ufundi anao. Mkifika, mpeni heshima yake, na heshima ya kwanza ni kuinywa mbege kama mbege.

Maana mbege ina mwendo wake. Ndizi huvundikwa mpaka ziive sawasawa, zikamenywa na kuchemshwa kwa saa kadhaa hadi zibadilike rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Zikishapoa huachwa zikae siku kadhaa. Huko nyumbani wengi huiita hatua hiyo nyalu. Ndipo zinachujwa. Pembeni unapikwa uji wa kimea cha ulezi, mso, ambao ukipoa huchanganywa na ule mchujo, na kuanzia hapo ni suala la usiku mmoja au siku moja tu. Sasa mtu anapiga simu tarehe 23 jioni akiwa Korogwe anasema, "Mama, nakuja na wenzangu wanane, tuandalie mbege." Mama atatoa wapi? Atalazimika kununua kwa mtu asiyemjua, au atoe ile ambayo bado haijakaa sawa. Piga simu mapema, wiki mbili kabla, na utume hela ya ndizi na ulezi. Ulezi una bei, kuni zina bei, na mikono ya mama nayo ina bei.

Jambo jingine ambalo mgeni wa mbege halijui: haikai palepale. Inaendelea kuchacha. Ile uliyoinywa asubuhi ikiwa tamu, nzito, chembe za ulezi zikibaki juu ya mdomo, jioni imeshakuwa kitu kingine, na kesho yake ni kali na chungu. Kwa hiyo usipime kwa idadi ya kata, vile vibuyu vya kunywea. Kata mbili za asubuhi na kata mbili za kesho jioni si sawa kwa mwili wako, hata kama mkono ulioimimina ni ule ule. Muulize aliyeipika iliwekwa kimea lini. Hakuna mpishi wa mbege atakayekasirika kuulizwa hivyo. Atafurahi kuona mjukuu wa mjini anajua cha kuuliza.

Nije kwa mdogo wangu anayekwenda Krismasi ya kwanza kwa wakwe na hanywi kabisa. Usiogope. Kwa desturi, anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako ndipo akupe, kukuonyesha kwamba ni salama na kwamba anakupa kwa moyo safi. Kinachowaumiza wazee ni mkono uliorudishwa nyuma na uso uliokunjwa. Basi pokea kata kwa mikono miwili, shukuru, igusishe mdomoni kama dhamiri yako inaruhusu, halafu mpitishie aliye karibu nawe. Kama dini yako hairuhusu hata kugusa, mwambie mumeo aseme na mama yake kabla hamjafika. Hilo ni jukumu lake, si lako. Huko kwetu mlimani kuna Walutheri, kuna Wakatoliki, kuna Waislamu, kuna walokole, na koo nyingi zina wote hao kwenye meza moja. Hutakuwa wa kwanza. Na ninyi wenyeji, asiyekunywa msimpe maji ya bomba kama adhabu. Kuna togwa, kuna chai ya maziwa, kuna soda baridi. Mpeni kwenye glasi nzuri kama ya wengine, na swali la "kwani una nini?" liishie hapo. Anaweza kuwa mjamzito na hajataka kusema. Anaweza kuwa kwenye dozi, au anapambana kuiacha pombe na hii ndiyo Krismasi yake ngumu kuliko zote.

Sasa kwenye shida yenyewe. Mbege peke yake, mtu akiwa amekaa, ameshiba mtori na nyama, akinywa polepole tangu mchana huku akiongea na baba zake wadogo, kwa kawaida haileti balaa kubwa. Balaa huingia na buti la gari. Kijana ameshuka na kreti za bia, na chupa za pombe kali za kuwaonyesha watu kwamba mjini mambo yamekaa vizuri. Saa 6 mchana mbege, saa 10 bia, saa 2 usiku pombe kali, na hakuna tena anayejua amekunywa nini.

Hesabu hii nataka muiweke kichwani. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo chenyewe. Zile bia za viwanda vidogo mnazozipenda, nyingine hufika asilimia 7 au 8. Mililita 500 za asilimia 8 ni zaidi ya gramu 30, yaani chupa moja na nusu ya bia ya kawaida ndani ya glasi moja. Na kichupa cha pombe kali cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina kama gramu 55, karibu sawa na chupa tatu za bia, na mtu anakimaliza amesimama. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, lakini tabia ya kunywa kwa kugugumia haikuondoka pamoja na vile vifuko. Soma namba iliyoandikwa kwenye chupa kabla hujafungua. Ni maandishi madogo karibu na jina, na ndiyo ya maana kuliko yote kwenye lebo hiyo.

Upande wa pili wa hesabu ni ini. Ini huondoa kileo kwa kasi yake, kama gramu 10 kwa saa, na kwa watu wengi ni chini ya hapo. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji ya baridi hakuharakishi, kutapika pia hapana, wala supu ya kongoro. Utajisikia umechangamka, lakini damu bado ina kileo kile kile. Chukua mtu aliyeanza saa 2 usiku akanywa bia sita za asilimia 5. Hizo ni karibu gramu 120, yaani si chini ya saa 12 za kazi kwa ini lake. Saa 11 alfajiri anawasha gari kuiwahi Dar. Anasema nimelala, niko sawa. Hayuko sawa. Mbele yake kuna Same, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze, zaidi ya kilomita 500, malori na mabasi, na watoto wamelala kiti cha nyuma. Wadogo zangu, hili silisemi kwa kutishana. Misiba ya mwisho wa mwaka kwenye barabara ile tunaijua sote, tumezika.

Kuna jingine la wanawake pekee, na nalisema wazi kwa kuwa mama zetu hawatalisema. Ukiwa umejifungua karibuni utaambiwa unywe mbege ili maziwa yatoke. Watakwambia kwa upendo, watakuletea kitandani, na anayekuletea amelea watoto saba. Mheshimu, ila ukweli ni huu: kileo kinazuia ule mwitikio wa mwili unaosukuma maziwa yatoke, na kinapita kwenye maziwa kwa kiasi kile kile kilichomo kwenye damu yako. Mtoto wa wiki tatu ana ini changa mno kwa mzigo huo. Kinachokusaidia katika desturi yetu ni chakula: mtori, supu, uji wa ulezi, maji ya kutosha, na mtoto kunyonya mara kwa mara. Mwambie mama mkwe, "Mama, naomba mtori mwingine, ndio unaonikaa vizuri." Utakuwa umempa kazi ya upendo, na kata itapita kwa mwingine. Ikitokea umekunywa kidogo, subiri angalau muda wa saa 2 kwa kila gramu 10 kabla ya kunyonyesha. Kwa mwenye mimba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, si cha bia wala cha mbege wala cha mvinyo wa madhabahuni uliogeuzwa wa sherehe. Na watoto msiwaonjeshe. Najua wengi tulionjeshwa. Tusiendeleze.

Gongo sina maneno mengi nayo. Usinywe. Hujui kilichoongezwa humo, na wanaoua watu kwa wingi mara nyingi ni wale wanaochanganya spiriti ya viwandani. Majirani zetu wa Kirinyaga, Kenya, walizika watu zaidi ya 10 Februari 2024 kwa pombe ya namna hiyo. Jueni dalili zake, kwa sababu hazitokei papo hapo. Zinaweza kuchukua nusu siku au siku nzima. Mtu anaamka akilalamika macho yana ukungu, kichwa kinagonga, tumbo linauma, anatapika, anapumua haraka. Hapo usimwache "alale pombe iishe", wala usimpe maziwa ukasubiri. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie alichokunywa bila kuona aibu. Tiba ipo, na kila saa inayopita inaweza kuwa ni macho yake au uhai wake. Vivyo hivyo mlevi yeyote asiyeamshika: mlaze ubavu, kaa naye, tafuta gari.

Halafu kikao cha ukoo. Tunapanda mlimani Desemba kwa sababu tuna mambo ya kumaliza: makaburi ya kusafisha, mpaka wa kihamba, mahari ya huyu, ada ya yule. Zamani mbege ilikuja mwishoni, kufunga mapatano na kuwapatanisha waliogombana. Siku hizi tunaanza nayo, na saa 11 jioni ndugu wawili wanashikana mashati juu ya migomba mitatu. Ninyi mliosoma, mnaoheshimiwa kwenye familia, ombeni kikao kiwe asubuhi baada ya chai, maamuzi yaandikwe, watu wasaini, ndipo mtungi ufunguliwe. Mzee atakubali ukimwendea peke yake siku moja kabla. Na likianza kuzungumzwa suala la ardhi baada ya giza kuingia, inuka useme tutaliongea kesho. Rudia hivyo hata mara tano.

Kwa wale ambao kila mwaka hujiahidi kunywa mbili halafu wanazinduka tarehe 27 hawakumbuki ya 26, nawaomba mchague kitu kimoja. Kama ni mbege, iwe mbege mpaka mwisho. Kama ni bia, iwe bia. Kuleni kabla, si baada. Kati ya kata na kata kunyweni maji. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano azungumze na daktari wake kabla ya safari, maana mbege ina sukari na kileo kinaweza kuishusha sukari ya damu ghafla usiku wa manane wakati wote mmelala. Na kama ukijaribu kupunguza unaona mikono inatetemeka na jasho linakutoka, hilo si jambo la nia tu. Usiache ghafla peke yako, nenda hospitali ukasaidiwe.

Basi mkifika nyumbani, kabla kata ya kwanza haijazunguka, simameni mbele ya wote mmtaje dereva wa siku hiyo kwa jina. Funguo apewe yeye, akae nazo mfukoni, na asionje. Siku inayofuata apokee mwingine. Anayetaka kuondoka usiku aandaliwe kitanda, hata kama ni mkeka sebuleni, na mama apigiwe simu kuambiwa mwanawe analala hapa. Nawaombeni sana hilo, wadogo zangu. Nendeni salama, msalimieni bibi, na Januari mniandikie mlivyofanya.