Kizunguzungu cha Desemba: Joto, Vidonge vya Presha na Maandalizi ya Krismasi

Mume na mke wastaafu wanaoishi Mkwaja, wilayani Pangani, wanauliza kwa nini katika majuma yanayotangulia Krismasi hupatwa na kizunguzungu na uchovu ambao hawaujui wakati wa kusi, na iwapo mke, ambaye humeza vidonge vya presha, aviache mpaka sikukuu ipite. Wanaeleza kwamba wakati huo huamka alfajiri kwenda shambani, kisha hurudi kupaka nyumba chokaa na kuandaa vyumba vya watoto na wajukuu watakaotoka Lushoto na Dar es Salaam, na kwamba mke huacha kunywa maji kuanzia adhuhuri kwa sababu choo kiko nje na kutoka usiku kunamtia hofu.

Sehemu ya pili ya swali inafaa ijibiwe kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi: vidonge visiachwe bila ushauri wa daktari. Shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha, huweza kupanda bila dalili yoyote na kusababisha kiharusi, na zipo dawa, kama vile atenololi, ambazo zikikatishwa ghafla hufanya moyo uende mbio na presha ipande kwa nguvu.

Ama kizunguzungu chenyewe, mzizi wake ni namna mwili unavyojipoza. Binadamu hutoa joto la ziada hasa kwa njia ya jasho, lakini kinachopoza ngozi ni jasho linapokauka na kugeuka mvuke, si linapotiririka, na katika pwani ya Tanga, ambako hewa imejaa unyevunyevu wa bahari na wa mvua za vuli, jasho hukauka polepole hata pale kipimajoto kinapoonyesha nyuzi 31 au 32 tu za Selsiasi. Uzee huongeza mzigo huo, kwa maana tezi za jasho hupungua nguvu, figo hazibani maji kama zamani, na hisia ya kiu, ambayo kijana huitegemea imkumbushe kunywa, hudhoofika kiasi kwamba mzee huweza kukaukiwa maji mwilini bila kuona kiu yoyote.

Jambo linaloufanya mwezi wa Desemba uwe mgumu kuliko Februari, ingawa Februari nayo ni ya joto kali, ni kwamba mwili huhitaji muda wa kulizoea joto. Mtu mzima mwenye afya huchukua kati ya siku 7 na 14 za kukaa na kufanya kazi katika joto kabla mwili wake haujajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kubakiza chumvi, na mzee huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kusi la Juni hadi Septemba huusahaulisha mwili mazoea hayo, kaskazi inaporejea huukuta haujajiandaa, na ni katika siku hizohizo ambapo wastaafu hawa hujiongezea kupaka chokaa, kuhamisha vitanda na kukaa muda mrefu jikoni penye moto wa kuni. Kwa hiyo tatizo lao halitokani na umri peke yake, na hakuna sababu ya kulipokea kama jambo lisiloepukika.

Vidonge navyo vina sehemu yake. Baadhi ya dawa za presha, kwa mfano haidroklorothiazaidi, hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, na nyingine hutanua mishipa ya damu, hivyo mtu aliyekwisha kupoteza maji kwa jasho hubaki na damu isiyotosha kufika kichwani anaposimama ghafla. Hali hii, yaani presha kushuka mtu anaposimama, huthibitishwa kwa kupima presha akiwa ameketi au kulala na kuipima tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mtoa huduma hupata sababu ya kuangalia upya dawa au kipimo chake. Wastaafu hawa waombe kupimwa kwa namna hiyo, maana presha ikipimwa mgonjwa akiwa ameketi tu huweza kuonekana njema kabisa.

Kuhusu maji, Shirika la Afya Duniani hushauri kikombe kimoja kila saa siku za joto, na angalau lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye daktari amemwekea mpaka. Dafu ni kinywaji chema, lakini lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, na ambayo huweza kurundikana kwa anayetumia losartani, enalaprili au spironolaktoni. Basi mama huyu aulize jina la dawa yake kabla ya kulifanya dafu kuwa mbadala wa maji. Kuongeza chumvi kwa hoja kwamba jasho limeimaliza hakumfai mwenye presha, ambaye jumla ya chumvi yake ya siku haipaswi kuzidi gramu 5, takriban kijiko kimoja cha chai, ilhali ng'onda peke yake huweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho.

Hofu ya choo cha usiku inastahili uzito sawa na dawa, ingawa huzungumzwa kwa nadra kwa sababu ya haya. Maji mengi yanywewe kuanzia alfajiri hadi alasiri, yapunguzwe baada ya magharibi bila kukatwa, na chumbani iwekwe ndoo yenye kifuniko pamoja na taa ndogo ya sola, ili mama asilazimike kuchagua kati ya kiu na giza. Na kama kidonge chake ni cha kuongeza mkojo, kwa kawaida humezwa asubuhi.

Kazi nzito zimalizike kabla ya saa 4 asubuhi au zingoje jua lipungue, na chokaa iachiwe vijana watakapofika. Kanga iliyoloweshwa ikawekwa mabegani penye upepo, au mbele ya feni, husaidia sana. Mtu akianza kuweweseka, kuyumba au kupoteza fahamu huku mwili ukiwaka, hicho huweza kuwa kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kufika nyuzi 40 na kuvuruga ubongo: awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, asinyweshwe chochote akiwa hajitambui, na apelekwe kituo cha afya mara moja, ambako atapimwa malaria pia, kwa sababu homa ya msimu wa vuli haifai kuhesabiwa kuwa ya jua bila kipimo.

Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya Mto Pangani, hivyo ni bora upimaji wa presha ufanyike mapema Desemba, mke akiwa amebeba vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja na mume akienda naye kupimwa, kwa kuwa yeye pia ana kizunguzungu ingawa hamezi dawa yoyote.