Darasa la Awali Kilimanjaro: Maswali ya Wazazi na Walezi

Kila mwaka ukielekea ukingoni, walimu wakuu kuanzia Pasua na Majengo mjini Moshi hadi Kibosho, Marangu na Machame hupokea wazazi wanaokuja kuandikisha watoto. Siku hizi huja pia mabibi wengi, maana vijana wa mlimani wametawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wakitafuta maisha, na wajukuu wamebaki kihambani. Maswali yao hayatofautiani sana. Tumeyakusanya hapa pamoja na majibu, na pale ambapo waraka wa serikali hautoshi tumesema tunavyoona sisi.

Mtoto aanze awali akiwa na miaka mingapi? Na ni lazima?

Ni lazima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali rasmi katika mfumo wa shule. Sera ya 2014 ikaongeza kwamba kila mtoto apitie angalau mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Toleo la 2023 la sera hiyo, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Dodoma mwaka 2025, limeweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka 6. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 mahali pake ni darasa la awali.

Wapo wanaomleta wa miaka 3 kwa sababu mama anauza mitumba Kiboriloni na nyumbani hakuna wa kumwachia. Shida hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake ni kituo cha kulelea watoto. Mtoto mdogo hivyo akibanwa katikati ya wenzake wa miaka 5, kwenye chumba ambacho tayari kimejaa, mchana kutwa anatafuta pa kulala tu.

Nasikia ni bure. Mbona bado naombwa hela?

Ada hakuna. Tangu Januari 2016 elimumsingi katika shule za umma hutolewa bila ada, kuanzia awali hadi kidato cha nne. Sare, madaftari na matibabu vimebaki juu ya mzazi. Michango mingine, kama uji au mlinzi, inapaswa kutokana na makubaliano ya wazazi wenyewe kwenye mkutano, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Ukiona anarudishwa, anza na mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha ofisa elimu kata.

Mchango wa uji tungeomba msiupuuze. Mtoto wa miaka 5 anayeshuka mteremko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Kilimanjaro ikiwa imemshika mpaka vidole, hawezi kusikiliza hadithi hadi saa tano tumbo likiwa tupu. Debe la mahindi na kilo chache za maharage kwa muhula ni mzigo ambao kaya nyingi zinaweza kuubeba, na isiyoweza wenzake waibebee.

Kanisani kwetu kuna vidudu. Tofauti yake na darasa la awali ni nini?

Tofauti ya kwanza ni nani anayesimamia. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa na kusimamiwa na upande wa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Darasa la awali liko chini ya elimu, linafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania na kwa shule za umma limo ndani ya shule ya msingi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na awali ilikuwa miongoni mwa ngazi za kwanza kuupokea.

Mlima huu una historia ndefu ya makanisa kwenye elimu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, na hadi leo parokia na sharika nyingi za Kikatoliki na za KKKT zina chekechea zao. Nyingine ni nzuri kuliko darasa la awali la shule ya jirani, na nyingine ni banda, benchi na msichana aliyemaliza kidato cha nne akisubiri matokeo. Jina la kanisa halikuambii kipi ni kipi. Omba kuona cheti cha usajili na uulize mlezi amesomea wapi.

Mjukuu wangu anasema wanacheza tu. Ataanza lini kusoma?

Bibi, akicheza vizuri ameshaanza. Hapa tuvumiliane kidogo, kwa sababu malalamiko ya kwamba watoto wanacheza tu yamewafanya walimu wengi waache kazi waliyofundishwa na kuwakalisha watoto wakinakili herufi ubaoni mpaka saa sita.

Angalia mtoto anayepanga vizibo vya soda: vyekundu huku, vya bluu kule. Ametenganisha vitu kwa sifa. Akipanga mbegu za mbuni kwa mafungu ya tatu tatu, amegusa kujumlisha na kugawanya kabla ya kuona alama zake. Akisokota kamba kwa majani makavu ya mgomba, misuli ya vidole ile ile itakayoshika penseli inapata nguvu. Wakicheza duka, mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi, wanajifunza kungoja zamu, kuuliza, kukubali na kukataa kwa maneno. Mtoto asiyejua kungoja zamu anaposukumwa darasa la kwanza lenye wenzake wengi, mwalimu hutumia muhula mzima kumtuliza.

Ndiyo maana mtaala unazungumzia umahiri: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira, sanaa na michezo, na stadi za awali za hisabati. Herufi na tarakimu zimo, ila zinakuja kupitia hadithi, nyimbo na vitu vya kushikwa. Kipindi cha awali ni kifupi, dakika 20, kwa sababu utulivu wa mtoto wa umri huo haufiki mbali zaidi ya hapo. Darasa linalofuata utaratibu lina kona za kujifunzia: ya vitabu, ya kujenga, ya nyumbani, ya kuhesabu. Hazihitaji fedha nyingi. Mlimani hapa kokoto za mtoni, mabua, maganda ya ndizi yaliyokauka na mbegu za kila namna vimejaa; kinachokosekana ni mtu wa kuvipanga na kujua vinafundisha nini.

Lawama nyingine ziwaendee wenye shule za binafsi wanaompa mtoto wa miaka 5 mtihani wa kuandika kabla ya kumpokea darasa la kwanza. Wazazi wakiona hivyo wanaibana shule ya umma nayo ikimbie. Matokeo yake ni mtoto anayeimba a, e, i, o, u bila kosa na asiyeweza kukuambia hadithi aliyosikia jana inahusu nini.

Mwalimu wa awali anasomea wapi? Si yeyote anaweza kukaa na watoto?

Kukaa nao, pengine. Kuwafundisha ni ufundi wake pekee, na hapa ndipo palipo na kidonda kikubwa cha elimu ya awali ya umma.

Kwa miaka mingi vyuo vya ualimu viliandaa walimu wa shule ya msingi, na awali ilikuwa somo dogo ndani yake. Shule ilipolazimika kufungua darasa la awali, mwalimu mkuu aliangalia ofisini ni nani wa kumpa. Mara nyingi alipewa aliyebaki: anayekaribia kustaafu, aliyetoka likizo ya uzazi, au kijana wa kujitolea asiye na cheti. Darasa la saba, lenye mtihani wa taifa, lilipewa mwalimu hodari. Kwetu sisi mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Mtoto wa darasa la saba anaweza kujisomea; wa awali anategemea kila kitu kutoka kwa mtu mmoja aliye mbele yake.

Leo kuna njia kadhaa. Zipo kozi za astashahada na stashahada za ualimu wa elimu ya awali, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinatoa shahada. Mkoani kwetu kuna vyuo vya ualimu vya serikali vya Marangu, Mandaka na Singachini. Kijana anayetaka kusomea awali aulize kila mwaka ni chuo kipi kinapokea kozi hiyo, kwa sababu mgawanyo hubadilika. Mjini Moshi pia masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema wanaendesha mafunzo ya ualimu kwa njia ya Montessori, ile iliyoanzishwa na daktari Mwitaliano Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Waliopita katika mafunzo ya namna hiyo utawatambua kwa mpangilio wa chumba: vifaa viko kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia, na mtoto huvirudisha mwenyewe.

Kwa walioko kazini tayari, serikali imeanzisha mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu wakajadili somo lililowashinda. Mradi wa BOOST, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, unahusu elimu ya awali na msingi, na umo ujenzi wa madarasa pamoja na kuwaendeleza walimu. MEWAKA ina faida juu ya semina ya siku mbili mjini: mwalimu anajaribu jambo Jumanne na kuulizwa na mwenzake Ijumaa limekwendaje. Ila kwenye shule yenye mwalimu mmoja tu wa awali, atajadiliana na nani? Jibu la maana ni kuwakutanisha walimu wa awali wa kata nzima, na ofisa elimu kata anaweza kupanga hilo bila kusubiri mradi.

Kuna mfano wa jirani. Katikati ya miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa, kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan, walianzisha shule za awali kwenye madrasa, na Bi Swafiya Said akawa mmoja wa waliouongoza mpango huo. Walichukua wanawake wa mitaa ile ile, wakawafunza, kisha wakufunzi wakawa wanawafuata darasani mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Mpango ukaingia Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Funzo kwa Moshi liko kwenye kule kumfuata mwalimu darasani. Cheti cha chuo kinampa mwanzo, na mwaka wake wa kwanza mbele ya watoto ndio unaoamua atafundisha vipi maisha yake yote.

Darasa la mjukuu wangu lina watoto wengi mno. Kiwango ni kipi?

Mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule za umma zinazokifikia ni chache, na hali haifanani mkoani. Mjini na tambarare za chini, kuelekea Mabogini na mashamba ya miwa ya TPC, watu wameongezeka na madarasa yamefurika. Huko juu vijiji vingine vimepungukiwa na vijana, na darasa linaweza kuwa na nafasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 Kilimanjaro nzima, lakini mkoa hauwezi kupangiwa walimu kwa jumla hiyo tu. Lazima kuangalia wanakoishi watoto.

Mwalimu akiwa na 80, zipo njia za kupunguza maumivu: makundi mawili kwa zamu, au wazazi wawili wanaosaidia kila siku kwa utaratibu uliokubaliwa na kamati ya shule. Hizi ni bandeji. Anayeajiri ni serikali, na kamati ina haki ya kuandika barua ya kudai mwalimu.

Nyumbani tunaongea Kimachame. Atachelewa?

Hapana. Shule za umma zinafundisha kwa Kiswahili, na watoto hukishika haraka. Endeleeni kumsimulia hadithi kwa Kichagga chenu, kiwe Kivunjo, Kirombo au Kikibosho. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja huvuka kwenda nyingine akiwa na mzigo mzuri. Mwalimu naye asimcheke.

Wangu hasikii vizuri. Nimsubirishe nyumbani?

Usimsubirishe. Mwandikishe kwa wakati wake na umweleze mwalimu. Mpeleke apimwe masikio na macho, Moshi tuna bahati ya kuwa na hospitali ya KCMC, kisha nenda kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Chuo cha Patandi, jirani zetu Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Tatizo likionekana akiwa na miaka 5 lina nafasi kubwa ya kushughulikiwa kuliko likigunduliwa darasa la nne, akiwa ameshaitwa mjinga.

Nikienda kuliona darasa, niangalie nini?

Nenda asubuhi, baada ya kumwona mwalimu mkuu. Angalia kama choo cha watoto wadogo kipo, kama tundu lake linamfaa mtoto, na kama maji ya kunawa yapo karibu. Angalia kama picha na kazi zilizobandikwa ni za watoto au za mwalimu, na kama zimebandikwa usawa wa macho ya mtoto. Sikiliza nani anaongea zaidi. Chungulia mkono wa mwalimu: una fimbo au una kitabu cha hadithi? Muulize kama alisomea awali, na kama hakusomea, ni lini amekutana na wenzake wa awali kujadili kazi. Usimuulize kwa kumhukumu. Wengi wangependa sana mtu awaulize.

Uandikishaji wa mwaka unaofuata kwa kawaida hufunguliwa Oktoba na masomo huanza Januari. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hujakipata, mwandikishe hivyo hivyo na uanze kukifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kupitia ofisi ya wilaya, na kadi yake ya kliniki uibebe.