Salam na Mikataba ya Baadaye

Ndugu zetu wa Kware, Nairobi, huuliza: kununua kitu kitakachotolewa baadaye ni halali?

Jawabu: kikiuzwa kwa salam, ni halali. Salam ni kulipa thamani yote katika kikao cha mkataba, na bidhaa ikatolewa baadaye. Sifa, kipimo na siku vijulikane. Mwenye duka akilipa leo magunia kumi ya mahindi meupe, ya kilo 90, yatakayotolewa mwanzo wa Rajabu, pasi na kufungwa na shamba moja, amefuata sheria.

Ama soko la mikataba ya baadaye lililofunguliwa Nairobi mwaka 2019, thamani haitangulizwi yote wala hisa hazikabidhiwi. Hulipana tofauti ya bei tu. Hiyo si salam. Tusihadaike na jina, tutazame mkataba.

Wallahu aalam.