Nzi: Mfuate Anakozaliwa

Wanachama wenzangu, wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Basi huyu si wa kutishwa kwa gazeti. Ukiwaua kumi jikoni asubuhi, jioni wako ishirini. Ati wamekuja matanga? Wapi! Wamezaliwa hapo nje.

Ubaya wake ni huu. Nzi hana meno. Akitua juu ya ugali hutema mate kwanza ili aulainishe, kisha hufyonza. Na miguu hiyo yenye vinyweleo huenda imetoka chooni sasa hivi! Hivyo ndivyo anavyotuletea kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga, kwani akihara huishiwa maji mwilini upesi na anaweza kufa.

Sasa tutazame maisha yake. Jike hutaga mayai 100 hivi kwa mara moja katika samadi, kinyesi au taka zinazooza. Kwa muda wa siku moja mayai huanguliwa yakawa mabuu. Mabuu hula siku kadhaa, kisha hutafuta mahali pakavu na kujifungia ndani ya ganda la kahawia. Humo hutoka nzi kamili. Penye joto, safari yote huchukua siku 7 hadi 10.

Siku hizo ndizo silaha yetu:

1. Zoa samadi na taka mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi. Zifukie, au tandaza samadi juani ikauke. Buu haishi pakavu.

2. Funika shimo la choo. Lakini kama choo chenu kina bomba la hewa, acha shimo wazi na ndani pawe giza. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa na wavu ulio juu. Wavu ukitoboka, kazi bure.

3. Funika chakula na maziwa, na nawa mikono kwa sabuni.

Dawa ya kupuliza huua nzi unaowaona. Watoto wao wako salama kwenye samadi, wanangoja zamu.

Zoezi: Likizo hii zunguka boma lenu. Taja mahali patatu nzi wanapozaliwa, kisha ueleze utafanya nini kabla ya siku ya saba.